Mgonjwa wa Kwanza wa Colombe

Ijumaa hiyo ya Aprili 2011 ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo kikuu, na Colombe alikuwa hajaamua atangulize nini, ufamasia au udaktari. Huku Uswidi kozi huombwa kwa orodha: ukikubaliwa kwenye ya juu, za chini zinafutwa. Naye akishahitimu alitaka akafanye kazi Kigoma, alikozaliwa kwenye kambi ya wakimbizi kabla wazazi wake Warundi hawajaletwa Stockholm. Watu wa kanisani walimwambia udaktari, maana nani amewahi kutamba kwa kuzaa mfamasia? Majibu ya namna hiyo hayakumtosha. Huyu ni mtoto aliyewahi kufungua redio ya baba yake ili aone anayesema amekaa wapi.

Asubuhi akapanda treni hadi mtaa wa Kista kwa Anti Truphosa, Mkenya aliyefanya kazi kwenye duka la dawa. Akamwandama kwa maswali huku anti akipanga maboksi kwenye rafu. Cheti kipi kinasafiri vizuri? Dawa za Kigoma ni hizi hizi?

"Dawa ni ile ile," Truphosa alisema. "Nikirudi Kisumu leo, wiki moja tu nimezoea. Lakini daktari anaanza na maneno ya mgonjwa, na wewe Kiswahili chako ni cha kuomba chakula. Mtu akikwambia ana kichomi, utajua ni nini?"

Colombe hakujua. Alicheka, lakini neno lile lilimkaa rohoni, na ndani ya treni alikuwa karibu ameshachagua ufamasia.

Nyumbani Tumba alimkuta baba yake, Melchior, jikoni akimenya viazi kabla ya zamu yake ya jioni kwenye ghala la Jordbro.

"Baba, jifanye mgonjwa," alisema. "Mzee wa Kigoma. Usinihurumie, na Kiswidi hapana."

Melchior aliupenda mchezo. Akaweka kisu chini, akakunja uso. Kichwa kinapwita. Miguu ina ganzi. Ana kichomi, akaonyesha kwa kidole pale pale ubavuni panapochoma akivuta pumzi. Colombe aliandika kila neno, akauliza, akarudia kuuliza. Kupwita ni kama moyo umehamia kichwani? Ganzi inatembea au inakaa? Alifurahi kweli. Lugha aliyoidhania ya kugombezwa na kusali ilikuwa na maumivu ya kila aina, kila moja na jina lake.

"Na kingine, mzee?"

Melchior alitazama viazi. "Kingine, daktari, ni mkojo. Unatoka kwa kudondoka, na unachoma. Usiku naamka mara tano. Juzi niliona damu."

Colombe akacheka, kisha akaona baba yake hacheki.

Ndipo akakumbuka vuli iliyopita walipokwenda kituo cha afya, yeye akiwa mkalimani kama ilivyokuwa tangu ana miaka tisa. Baba alisema mgongo unauma, basi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila wahenga hawakutafsiriwa na binti zao. Colombe aliogopa, na neno la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa "Baba". Akalimeza. Alijua akilitamka tu, mzee wa Kigoma ataondoka na maneno yake yote.

"Tangu lini?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Mwaka na nusu sasa."

"Uzito umepungua?"

"Mkanda nimeutoboa tundu mbili."

Aliuliza mpaka maswali yakamwishia, na kila swali likajibiwa. Halafu akapiga simu kituo cha afya, akaeleza kwa Kiswidi habari ya damu, akaomba mkalimani wa Kiswahili, mwanamume, mtu mzima. Wakapewa Jumatatu. Baada ya hapo akafungua kompyuta, akaupandisha udaktari juu ya ufamasia, akatuma maombi bila kumwita mtu aje aone.

Melchior alikuwa amerudi kwenye viazi vyake.

"Daktari," alisema bila kuinua uso, "na binti yangu je? Ataambiwa?"

"Ataambiwa siku utakayotaka wewe, mzee."