Fundo la Kushoto

Mkeka ulitupwa miguuni pa Ugbad ukiwa bado umeloa, ukinuka tope na mbuzi. Hakuugusa.

"Mama, soko lote linasema ni wewe unayeijua mikeka na wasusi wake," alisema Hesbon, kijana wa shirika la misaada, buti zimemjaa udongo. "Tumeukuta umenasa mtini, katikati ya laga, ule mto wa msimu. Mafuriko yameutoa Eldas au Hadado, hatujui. Kote kuna watu wamezingirwa na maji, na ndege ni moja. Tuanzie wapi?"

"Huyu muonyeshe hata kamba ya mbuzi," Filsan, muuza maziwa, alidakia kutoka kwenye mitungi yake. "Atakuambia aliyeisokota alikuwa na hasira."

Ugbad hakucheka. Binti yake Nasteho alikuwa Hadado, na kwa siku tisa simu yake ilikuwa na sauti moja tu, ya yule mwanamke asemaye mteja hapatikani.

Aliuanza mkeka kwa mbali, kama alivyozoea. Ulikuwa kebed, mkeka mzito wa kufunikia nyumba ya wafugaji, ile inayobebwa na ngamia. Alinusa nyuzi: gome la mgunga, lililotafunwa likalainika. Hilo hufanywa kote. Akahesabu mistari myekundu. Mitatu, na mitatu husukwa Eldas, husukwa Hadado. Kila alama isiyosema kitu ilimpa pumzi moja zaidi. Ukingo aliuacha mwisho.

"Mama, rubani anangoja."

"Bole bole, mwanangu. Mimi nikikosea, watu inakufa."

Akaugeuza ukingo. Wasusi wote aliowajua huzungusha uzi kulia. Huu ulizungushwa kushoto, fundo baada ya fundo. Miaka ishirini iliyopita alimketisha Nasteho mbele yake, uso kwa uso, badala ya ubavuni, na mtoto akaiga alichokiona, kama anayejitazama kwenye kioo. Ugbad alimfumulia mara mbili. Mara ya tatu akamwacha.

Angelitaja jina, mkeka huu ungekuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo angekuwa ndani ya mafuriko.

"Walaal, dada yangu," Filsan aliita, safari hii bila mzaha. "Ni ya nani?"

Kidole cha Ugbad kiliendelea kutambaa hadi pembeni. Hapo mafundo yaligeuka ghafla. Yalikwenda kulia, makubwa, yamelegea, mengine yamerukwa. Huo haukuwa mkono wa Nasteho. Ulikuwa mkono mdogo, wa mtu aliyeketishwa uso kwa uso na mama anayesuka kinyume. Mjukuu wake Bilan alikuwa na miaka sita.

"Hadado," alisema. "Boma ya Nasteho Aden. Andika watu mbili. Mkubwa na mtoto."

Hesbon alikuwa tayari anakimbilia gari, redio mdomoni.

Fundo la mwisho kabisa lilikuwa halijakazwa. Mkia wa uzi ulining'inia. Kwa mazoea Ugbad aliushika ili auvute. Kisha akauachia, Bilan aje aukaze mwenyewe, akakaa akiutazama, tone la maji likijikusanya nchani.