Jina Lake Lilicheza Bila Yeye

Kasyoka wa Kabati, kule Kitui, hakuwa mtu wa kumpa mgeni kitu mlangoni. Duka lake la leso pale sokoni lilikuwa na mabenchi mawili, na wala si ya wateja, ni ya watu wa kukaa na kumwaga habari. Sasa hebu mwambie mtu kama huyo, aliyepanda ndege mpaka kwenye baridi ya Ujerumani, eti muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, aliopewa na mama ya Mwau kule Tawa ampe Mwau, kijana anayeishi huko huko Ujerumani, kwa dirisha la gari, kila mtu ashike njia yake.

"Mama, leo hapana," mwanawe Mulinge alimwambia tangu asubuhi. "Baleti inaanza saa moja. Saa kumi na mbili tunatoka."

"Nimesikia."

Na kweli alisikia. Si ndiyo iliyomleta? Binti wa kwanza wa Mulinge, wa miaka tisa, aliitwa Kasyoka kwa sababu yake, kama Wakamba wanavyompa mtoto jina la mama ya baba. Nusu ya Kabati ilikuwa imeshaambiwa, "Naenda kuona jina langu likicheza mbele ya wazungu." Watoto wenyewe walikuwa na dakika sita tu, mwanzoni kabisa, wakiigiza theluji. Na jioni hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya onyesho. Jumatatu bibi anarudi nyumbani.

Nduku, mke wa Mulinge, alitangulia na mtoto. Saa kumi na moja kengele ikalia. Mwau huyo, nyuma yake mke wake, na nyuma ya mke watu wawili wa Kathonzweni waliosikia tu kwamba kuna mtu kafika kutoka nyumbani.

"Mama, sisi hatukai," Mwau akasema huku akivua buti.

"Mtu asiyekaa havui viatu," Kasyoka akamjibu, na nyumba ikacheka.

Jamani, mzigo wa mzazi hautolewi mkavu. Unamkalisha mtu, unamtilia chai, unaanza na mvua, unakuja kwa mbuzi, aliyeoa, aliyekufa, ndipo unafika kwa mama mwenyewe: alivaa nini, alisimama wapi, alisema nini alipokukabidhi. Ukiruka hapo ni kama umeuiba. Kasyoka akaanza na mvua. Saa kumi na mbili Mulinge akasimama na funguo mkononi, na mama yake alikuwa hata hajafika kwa mbuzi.

"Mama."

"Kwani hao wataanza na nani, na watu hatujafika? Harusi ya Nzomo kadi iliandikwa saa nne. Bibi harusi akaingia saa nane, na pilau tulikula."

"Hapa si kwa Nzomo!"

"Haya, namalizia. Mwau, mama yako akanishika mkono hivi, akaniambia, 'Huyo mtoto mwangalie uso, uniletee uso wake.'"

Mwau, miaka saba hajaona mama, akainamisha kichwa akaanza kulia. Na wewe utamnyanyua mtu analia, umwambie avae buti?

Walitoka karibu saa kumi na mbili na nusu. Gari likatambaa kwenye theluji, maegesho yakawa yamejaa, na Kasyoka akapanda ngazi za jumba lile akihema, koti la Nduku likimbana kifuani. Ilikuwa saa moja na dakika nne. Mlangoni alisimama mama mmoja mwenye suti nyeusi, anatabasamu vizuri kabisa, na hafungui.

"Anasema mpaka mapumziko," Mulinge akatafsiri.

"Mwambie mtoto ni wetu."

"Nimemwambia."

"Mwambie nimetoka Kitui!"

"Mama, hajui Kitui."

Yule mama akawaonyesha runinga ukutani. Jukwaa lilionekana kwa mbali, na juu yake vitoto ishirini vyeupe vikizunguka, vyote sawa, kama punje za mchele kwenye ungo.

"Yuko wapi?"

"Yule. Wa tatu." Mulinge akasogea karibu na kioo. "Hapana, ngoja. Yule wa nyuma."

"Mtoto wako humjui?"

Kitoto kimoja kikaruka juu kuliko vyote. Kasyoka akaona huyo hawezi kuwa wa mtu mwingine, akapiga kigelegele cha sokoni. Suti nyeusi ikaja mbio, kidole mdomoni. Kasyoka alipogeuza macho tena kwenye runinga, theluji yote ilikuwa imetoka, na watu wazima wameingia.

Wakati wa mapumziko Nduku alimleta mtoto, uso bado na poda nyeupe.

"Susu," akamwita bibi yake kwa Kikamba, "uliniona?"

Kasyoka, ambaye mdomo haukuwahi kumkaukia, akatazama sakafu. Mtoto akamgeukia mama yake. Sehemu ya watoto ilikuwa imekwisha, wakaondoka, na mpaka garini mtoto alikuwa anaongea Kijerumani, haraka haraka, sauti ikipanda na kushuka.

"Anasemaje?" Kasyoka akauliza.

"Amechoka," Mulinge akasema.

"Maneno yote hayo, amechoka tu? Mulinge, mimi ni mtu wa soko. Nipe yote."

Mulinge akawasha gari. Nduku ndiye aliyejibu, bila kugeuka. "Anasema alihesabu viti mpaka akafika kwa vyenu viwili, vitupu. Akakosea hatua. Anasema Susu akija tena asinunuliwe tiketi, aachwe nyumbani na wageni wake."

"Mwambie pole."

"Si uko naye hapo nyuma, mama? Mwambie."

Kasyoka akaweka mkono kwenye goti la mtoto. "Pole, Kasyoka."

Neno hilo mtoto alilijua vizuri. Akavuta kofia ya koti mpaka machoni, akageukia dirisha.