Mwanga Mfukoni

Mwanga ulinichomoka mfukoni ukamulika maji. Ilikuwa saa sita mchana, Januari, Longyearbyen, mji wa kaskazini kabisa ambako jua halichomozi majira ya baridi; giza totoro. Tulikuwa tumekaa nusu saa ndani ya boti bila hata taa ya kichwani, tukingoja viumbe wa baharini, wadogo kama punje za mchele, wasahau kuwa tupo.

"Nani huyo?" akauliza Ragnfrid, profesa wetu.

Nani mwingine! Siku zile nilikuwa mwosha chupa wa maabara, mwenye cheti cha masomo ya jioni nilichokisomea huku nikinyonyesha. Safari ile ndiyo iliyokuwa kipimo changu: nikiiweza, chuo kitaniandikisha. Sharti lilikuwa moja tu, simu zizimwe. Yangu sikuizima. Mwanangu Ylva, wa miaka miwili, alikuwa ameamka na joto kidogo mwilini, nami nikampeleka chekechea hivyo hivyo.

"Haya, umewawashia taa za harusi," akacheka Torleif, nahodha. "Bado ngoma."

"Ni chekechea wanapiga," nikasema.

"Sasa unaitazama ya nini? Pokea, mama!" Ragnfrid akanikaripia.

Nikapokea nimejifunika koti gubigubi. Joto limeshuka, mwalimu akasema. Ylva amekula mkate na jibini lake la kahawia, ila anadai soksi yake nyekundu. Nikaizima simu. Machozi yakanigandia kwenye kope. Nusu saa imepotea, na nafasi yangu nayo.

"Njoo uone ulichofanya," akasema Ragnfrid.

Kioo cha chombo kinachowasaka viumbe kwa mwangwi kilikuwa kimefifizwa, chekundu kama kaa linalozimika. Pale juu palikuwa na wingu, ndio wao, limetanda chini kidogo ya uso wa maji. Kisha, dakika ile simu ilipowaka, wingu zima likazama. Mita ishirini.

Nilishika ukingo wa boti. Maji yale hayakuwa yameonja jua tangu Oktoba. Na humo ndani, maelfu kwa maelfu, walikuwa wamenihisi mimi.

"Andika saa na dakika," Ragnfrid akasema. "Hata mwanga wa simu wanauhisi, hilo nalo ni jibu. Halafu tunangoja upya."

"Mimi?"

"Kwani nani aliyewasha?"

Nikaandika kwa penseli, gizani, herufi zikipandana. Tukangoja. Polepole, kama pumzi ya mtoto aliyelala, wingu likaanza kupanda.

Karatasi ile ndiyo ukurasa wa kwanza wa daftari langu la chuo. Ylva sasa anajua kusoma.

"Mama, hapa uliandika umefumba macho?"

"Karibu hivyo," namwambia.