Meno ya Mtarakwa

Tangu Kiprotich azikwe, Waweru alikuwa hajagusa gitaa. Kila asubuhi alifungua karakana, akafagia mahali pasipokuwa na vumbi, akanoa patasi ambazo tayari zingeweza kunyoa ndevu, na ikifika adhuhuri alikuwa amekaa tu, mikono juu ya magoti.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kupanga katika mtaa wa West Indies, mjini Eldoret. Kwa zaidi ya miaka ishirini wazee hao wawili waliketi humo wakitazamana, meza katikati, wakiunda magitaa ya nyuzi za nailoni. Yalinunuliwa na makanisa, na walimu wa muziki, na mara moja moja mgeni aliyesikia habari zao. Kazi waligawana. Waweru alichonga uso wa gitaa, ule ubao mwembamba unaoimba. Kiprotich alikata meno.

Meno ni jina lao wenyewe. Ni vipande vya mti vidogo kama ukucha wa kidole gumba, vya pembe tatu, vinavyobandikwa kimoja kimoja ndani ya gitaa pale uso unapokutana na mbavu, zile mbao za pembeni, ili viwili hivyo visije vikaachana. Gitaa moja hula meno mia na sitini hivi. Kiprotich aliyakata kutoka kwa nguzo kuukuu za mtarakwa, zile za ua zilizokaa ardhini miaka arobaini bila kuoza. Alikuwa akisema mti wa namna hiyo umemaliza kujikunja, hauna tena la kukushtua. Mgongo wa gitaa ukishafungwa, meno hayo hayaonekani na mtu tena.

Jelagat alikuja Jumamosi moja mwezi wa sita. Alikuwa binti wa Kiprotich, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Sugoi. Alibeba kitu kikubwa kilichofungwa kwa shuka, na kwapani alikuwa na mkebe wa biskuti.

"Habari ya siku mingi, Mzee."

"Ni nzuri, mama. Karibu. Kwenu wako aje?"

"Tuko tu. Tunazoea pole pole."

Alifungua shuka. Lilikuwa gitaa lisilo na mgongo, bado limelazwa kifudifudi juu ya ubao wake. Uso Waweru aliujua, maana aliuchonga mwenyewe mwaka uliopita. Mbavu zilikuwa zimesimamishwa, zimeshikwa shingoni na mkiani tu. Meno hayakuwapo.

"Hii Baba alikuwa ananitengenezea," Jelagat alisema. "Naomba umalize, Mzee. Nikipeleka kwa fundi mwingine nitaona kama nimeitupa."

"Na huo mkebe?"

Aliuweka mezani lakini hakuuachilia. "Ni meno. Alikata zamani, na hakuwahi kukubali kuyatumia. Mama amesema nikuletee. Tena amesema nikuambie yalikatwa lini. Ni ile wiki ya vita."

Waweru alikaa chini.

Mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na nane, uchaguzi ulipozaa vita, alikuwa na shamba Burnt Forest, na nyumba ya mabati, na mke wake Eddah, na watoto wawili, na mama mkwe ambaye magoti yalikuwa yamemkataa. Siku moshi wa nyumba za watu wa kabila lake ulipoanza kupanda ng'ambo ya kilima alimpigia Kiprotich simu, kwa kuwa kakake Kiprotich alikuwa na pikapu. Kiprotich alijibu neno moja tu: "Nakuja." Wakangoja kando ya barabara, vifurushi miguuni, tangu saa nne mpaka saa tisa. Kisha wakatembea. Mama mkwe alibebwa mgongoni. Wiki mbili baadaye alifariki katika kambi ya wakimbizi, kifua kimejaa baridi, akazikwa kwao Ol Kalou.

Mwezi wa tano Kiprotich alitokea kambini, akasimama mbele ya hema, macho chini. "Kazi iko," alisema. Waweru akachukua koti lake akamfuata. Eddah akachukua watoto akaenda Ol Kalou kwa ndugu zake, na mpaka leo hajarudi kuishi naye. Na swali lile, mbona hukuja, Waweru hakuliuliza. Kwa miaka kumi na saba waliongea habari za mbao, mvua, mahindi na arusi za watoto, lakini siku ile waliizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la choo cha zamani lililofunikwa kwa mabati.

"Nilikuwa na miaka tisa," Jelagat alisema. "Baba alichukua gari kwa baba mkubwa. Akaleta mpaka kwa geti yetu, akasimama. Mama akamwambia, 'Enda, watu wanakungoja.' Baba akazima gari. Alisema vijana wamejaa barabarani, watachoma gari na yeye akiwa ndani. Akaingia stoo akajifungia. Siku tatu, Mzee. Tulikuwa tunasikia tu msumeno. Alikuwa na nguzo moja ya mtarakwa huko ndani. Alikata yote."

"Simu yake haikushika tena."

"Alikuwa ameizima."

Waweru aliutazama mkebe. "Mbona hakuniambia?"

"Mama alimwambia kila mwaka aende aseme. Jibu lake lilikuwa moja: 'Waweru hajaniuliza.'"

Mzee alimsogezea kikombe alichokuwa amemmiminia. Alisema, "Kunywa chai, mama. Inapoa." Jelagat akanywa, akaaga, akaondoka kabla mvua haijaanza.

Kwa siku nne Waweru hakuufungua mkebe. Alitafuta kipande cha mtarakwa akajaribu kukata meno yake mwenyewe, na yakatoka vibaya. Mengine marefu, mengine mafupi, mengine yakapasuka kwenye patasi. Kazi hiyo aliizoea kwa macho tu, mkono haukuijua. Siku ya tano akafungua. Harufu ya mti ilikuwa bado ipo. Meno yalilingana yote, kingo safi, kana kwamba aliyeyakata alikuwa na amani tele duniani. Hilo lilimkasirisha kuliko yote aliyoambiwa.

Hata hivyo aliwasha jiko, akaweka kopo la gundi ndani ya sufuria ya maji ya moto. Jino hupakwa gundi, likabandikwa, likakandamizwa kwa kidole gumba mpaka uhesabu thelathini, ndipo uachilie. Kiprotich alikuwa akihesabu Kikalenjin, chini chini, na Waweru aliisikia sauti hiyo miaka mingi hata akaacha kuisikia. Sasa alihesabu mwenyewe. Chumba kilimrudishia sauti yake.

Alipofika jino la ishirini na kitu, aliacha kuhesabu.

"Ulisema unakuja," alisema.

Nje jirani alikuwa akiosha pikipiki. Waweru alibandika jino lingine, akalikandamiza.

"Ulisema unakuja, Kiprotich. Mama yake Eddah alikuwa amekaa juu ya godoro kando ya barabara. Kila gari likipita anauliza kama ni wewe."

Aliendelea hivyo siku nzima, na kesho yake. Alisema mengine ambayo hangependa mtu ayasikie. Alimwita mwoga. Alimwambia pia kwamba yeye mwenyewe angekuwa upande ule wa geti, hajui angefanya nini, na kwamba kutojua huko ndiko kulikomfunga mdomo miaka yote. Hakuna aliyemjibu. Meno yakaisha mviringo mzima, yakashika.

Jumapili alimpigia Eddah, akamweleza yote.

"Kwa hivyo alikuwa kwake," mkewe alisema.

"Alikuwa kwake."

"Na wewe unamalizia hilo gitaa."

"Ni la msichana, Eddah. Msichana hakukosea."

"Sijasema alikosea." Halafu, kwa sauti ya chini: "Utakuja lini huku?"

"Nitakuja."

Alipokata simu ndipo alipolisikia neno alilosema. Alhamisi iliyofuata akaenda Ol Kalou. Alikaa siku tano. Eddah alimpikia, wakaenda pamoja kaburini kwa mama mkwe kung'oa magugu, wakaongea kwa heshima kama wageni waliosafiri njia moja. Alitandikiwa kitanda chumba cha wajukuu. Siku ya sita akarudi Eldoret, na Eddah hakumzuia.

Gitaa lilikwisha mwezi wa tisa. Jelagat alilipiga kidogo palepale karakanani, wimbo wa kanisa, vidole vikijikwaa. Sauti ilikuwa nzuri, nzito kidogo upande wa chini. Waweru alisema itafunguka ikipigwa. Msichana akalia, akashukuru, akaahidi kumtembelea, na tangu hapo amekuja mara mbili.

Waweru bado anafanya kazi peke yake. Magitaa yanachukua muda mara mbili, na meno anakata mwenyewe, yenye kupishana kimo. Akichoka kuhesabu hutoka nje, akamuuliza jirani kama mvua itanyesha, akangoja jibu mpaka mwisho, kisha akarudi ndani.