Kiganja Kwenye Boneti

Mama Pacha alikunja vidole taratibu, na nyufa za viganja vyake zikafunguka upya. Spiriti ya kufutia rangi za magari ilikuwa imemla ngozi. Jana maumivu yalimzidi, akajipaka mafuta ya mgando, kidogo tu, ya kupoza.

Kidogo hicho ndicho kilichomponza. Dawa ya kung'arishia magari pale karakanani anakofanya kazi si nta ya kukaa juu juu. Hii ya kiwandani hushikana na rangi yenyewe, mradi rangi iwe kavu, safi, isiyo na mafuta. Tabaka la kwanza likishakauka, la pili hushika juu yake. Mama Pacha aliijua kazi hiyo vizuri. Lakini boneti ya gari la mheshimiwa ni pana, naye mfupi. Kabla ya kupaka, akaegemea kiganja kidogo ili afike katikati.

Asubuhi meneja alimwaga maji kwenye boneti. Yakajikusanya matone, yakateleza. Ila katikati yalitanda, yakachora kiganja kizima na vidole vyake vitano.

"Nani huyu?"

Waoshaji wakatazamana.

"Haya, mmoja mmoja. Aweke mkono hapo."

Wakapanga foleni. "Gari linapakwa kuliko mtoto mchanga," mwoshaji mmoja alinong'ona, lakini hakuna aliyecheka. Mkono wa Mama Pacha ulikaa sawasawa.

"Ulishika nini, mama?"

"Mafuta, bosi. Mikono imepasuka. Glavu tuliomba..."

"Kwani wenzako wana mikono ya chuma?"

Wenzake wakatazama chini. Mikono yao wote waliificha mifukoni.

"Nisamehe, bosi. Pacha wananitegemea mimi tu."

"Futa boneti yote, upake upya. Mheshimiwa analifuata jioni. Ukimaliza, nenda, usirudi."

Mama Pacha alimwaga spiriti kwenye kitambaa, akaanza kusugua. Ilimchoma mpaka machozi yakamtoka, naye akazidi kusugua, maana moyoni alijidanganya kwamba kazi ikitoka safi, huenda meneja akabadili mawazo. Kile kiganja kilififia kidole kimoja baada ya kingine. Ufa wa gumba ukachanika; kitambaa kikaanza kuwa chekundu.

Meneja aliona, akaja mbio, ameinua mkono.

"Wewe! Simama!"

Mama Pacha akasimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alipumua.

"Geuza kitambaa," meneja alisema. "Hiyo damu isiguse rangi."