Fungu la Tatu

Mjukuu wangu Ndayikunda alichelewa kusema. Mama yake alipoolewa Kibondo aliniachia mtoto anayejua kuomba maji na ugali, basi. Mgeni akija, anajificha nyuma ya kitenge changu. Majirani walisema, mwache, atakua. Nami nikawa namsubiri, kama tunavyosubiri vitu vingi huku kwetu.

Kisha akaja Mwalimu Asmahani kufundisha darasa la awali, akakuta chumba hakuna. Madarasa ya shule yetu hayawatoshi hata wakubwa. Athuman, mwenye mashine ya kusaga, akasema watoto wakae kibandani kwake asubuhi, na mashine hataiwasha mpaka wamalize, maana ikinguruma hakuna anayesikia neno. Alifagia pumba mwenyewe, akatandika magunia. Sisi wanawake tuliobeba mahindi tukanung'unika, akatuambia, "Mama zangu, mahindi hayana miguu, hayatakimbia. Hawa wanayo."

Kwetu Waha, mdogo ndiye anayeinama kwa mkubwa, anapiga makofi taratibu mpaka salamu iishe. Mwalimu Asmahani aliigeuza. Alipiga magoti mpaka uso wake ukalingana na wa Ndayikunda, akapiga makofi, akamsalimu, "Mwakeye," kwa Kiha, ingawa yeye ni mtoto wa dukani Kasulu mjini na Kiha chake kilikuwa kinachechemea. Kisha akangoja. Mtoto hakujibu. Kesho yake akapiga magoti tena, akangoja tena.

Mwaka huu ndugu zake Athuman wakamtaka ahamishie mashine Buhigwe. Kibanda kingevunjwa. Nasi tukaambiwa wazi: pasipo chumba, darasa la awali litafungwa na mwalimu atapelekwa kijiji kingine. Ndayikunda alikuwa ameanza kuimba akioga. Nilipoyasikia hayo, ugali ulinishinda.

Tulikuwa na boma moja la matofali, tulilolijenga kwa mikono yetu mpaka kwenye lenta. Halmashauri ikasema italiezeka na kulimalizia, ila sisi tuamue liwe nini. Mkutano wa kijiji ukaitwa. Nikaenda na Ndayikunda, na wanawake wengine wakaja na watoto wao.

Mwenyekiti wetu, Kipriani, alitaka liwe ghala. Si mtu mbaya. Mavuno yaliyopita fukusi walitutobolea maharage, na aliyeumia kuliko wote ni yeye. Alikuja na maharage yake ya mbegu kwenye debe, akayamwaga juu ya turubai mbele ya watu wote.

"Tazameni! Haya ndiyo ningepanda. Mazima na mabovu yamechanganyika, mengine yamenyeshewa. Bila ghala tutakula nini?"

Mzee Makarius akasimama na fimbo yake. "Mwenyekiti kasema. Hao watoto wanacheza tu pale mashineni. Nyumbani hawachezi? Serikali ijenge nyumba ya kuchezea? Mimi sikusoma hiyo awali, na mbona nilioa wawili!"

"Na wote wawili wamekukimbia!" jirani yangu Zuhra akapaza sauti kutoka nyuma. Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akapiga meza.

Wakati tunacheka, Ndayikunda alinitoka mapajani. Nilidhani anakwenda kwa mwalimu. Kumbe alikwenda kwenye turubai, akachuchumaa, na wenzake wa darasani wakamfuata. Hakuna aliyewatuma. Wakaanza kuchagua maharage.

Kuchagua mbegu tunajua wote, ni kazi yetu wanawake. Lakini sijapata kuona watoto wadogo hivyo wakiifanya namna ile. Waliulizana. "Hili lina tundu." "Lete kwa wagonjwa." "Si tundu, ni doa." "Hebu ligeuze." Wawili waligombania punje moja, kisha nikaona mmoja anampa mwenzake aishike kwanza, naye akasubiri zamu yake. Mkutano ukanyamaza, mmoja baada ya mwingine, kama mvua inavyokatika.

Mafungu yalikuwa matatu. Kipriani akainama. "Haya mazima. Haya mabovu. Na haya je?"

Ndayikunda akapiga makofi yake taratibu, kama tunavyofanya mbele ya mkubwa. Kisha akainua uso. Mtoto wangu wa nyuma ya kitenge!

"Hayo hatujui bado, Babu. Darasani tunayalaza kwenye kitambaa kibichi, tunaangalia kama yataota."

Nimechagua mbegu tangu nikiwa msichana. Nzuri naweka juu ya moshi wa jikoni, mbaya naipika, na ninayoitilia shaka naipika pia. Sikuwahi kuwa na mahali pa kuweka nisichokijua. Na mtoto huyu, ambaye meno yake bado ni ya utoto, anapo.

Kipriani akaokota punje moja ya fungu la tatu, akaigeuza kiganjani. Athuman akasimama.

"Ndugu zangu, nilizima mashine asubuhi kwa kupenda, na sijutii. Lakini mimi ni mtu mmoja. Nimeitwa Buhigwe, ninakwenda. Wema wangu ulikuwa mwavuli, na mwenye mwavuli akiondoka anaondoka nao. Hawa wanahitaji paa la watu wote."

"Basi na sisi tungoje," Kipriani akasema. "Mtoto kasema tuangalie. Tukutane yakishajionyesha."

Watu wengine waliguna, lakini maharage yakalazwa kwenye kitambaa kibichi pale mashineni. Nilimkuta mwenyekiti hapo asubuhi mapema, amechuchumaa na watoto, kofia mkononi, wakimwonyesha pa kuangalia bila kuyavuruga.

Siku ya mkutano wa pili, mengi ya lile fungu yalikuwa yametoa mkia mweupe. Kipriani aliyabeba mwenyewe kwenye sinia. "Haya ningeyapika," akasema, na sauti yake haikuwa ya mkutanoni. "Ghala tutaanza kulifyatulia tofali msimu ujao, na la kwanza nitafyatua mimi. Wanaotaka boma hili liwe darasa?"

Mikono ikapanda. Wa Zuhra, wa Athuman ambaye alikuwa anahama, wa akina mama wa mahindi. Makarius aliangalia kando kama aliyeona mbuzi wake, kisha fimbo ikapanda, na mkono ukiwa umeishika.

Ndayikunda akanivuta kitenge. Darasani kwao mkono huinuliwa na anayetaka kujibu.

"Bibi, babu ameuliza nini?"

"Ametuuliza habari zenu."

"Na nyinyi wote mnajua?"

Nikamwangalia mwalimu, ambaye alikuwa amefunika uso kwa ushungi.

"Tulikuwa hatujui bado," nikamwambia.