Safu ya Juu

Kitinda mimba wetu Muthomi ana kichwa kigumu, na kichwa hicho ndicho kilichokataa miti. Kwetu, karibu na Kangeta, kijana akitoka jandoni baba humpeleka shambani akamwonyesha miraa yake: kuanzia hapa hadi pale ni yako, panda uchume. Marehemu baba yetu, Mzee Mbaabu, alimpa Muthomi safu ya juu, miti mikongwe aliyoipanda babu. Naye, mbele ya wazee waliokuwa wakinywa uji, akasema kaka yetu Kobia aichukue, yeye atakula kwa kompyuta. Wazee wakacheka. Baba hakucheka.

Na kusema kweli, alikula. Alihamia Majimbo, mjini Embu, akatengenezea tovuti shule, makanisa, hoteli, hata daktari wa ng'ombe. Krismasi alikuja nyumbani na mkoba wa laptop begani, viatu vinang'aa, nasi tukimwita injinia. Aliyejigamba kwa ajili yake kuliko wote ni mimi, dada yake.

Kisha kazi ikakauka. Wateja wakaanza kumwambia, "Asante Muthomi, lakini karani wetu ameshatengeneza na AI." Matangazo ya kazi yaliyobaki yalitaka mtu mmoja ajenge tovuti, apige picha, ahariri video na bado ajibu simu za wateja. Aliomba hata hizo. Kimya. Mimi ni mwalimu. Shule zilipofungwa nikapita kwake, nikamkuta anakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, mchana, na hicho ndicho chakula.

Nilimfokea. "Twende nyumbani tumwombe Kobia akurudishie safu yako. Aibu haijawahi kuua mtu."

"Nilikataa mbele ya wazee, Karwirwa."

"Hao wazee wamebaki wangapi? Vaa viatu."

Kobia alitupokea kwa shangwe, na mkewe Angeline akatuandalia mukimo na chai. Kabla sijafungua mdomo, Kobia akamwita mwanawe Misheck, aliyetoka jandoni Disemba iliyopita.

"Muthomi, umekuja siku mzuri," akasema. "Huyu nilikuwa nampatia ile safu ya juu, ndiyo tu imebaki, zingine niligawia ndugu zake. Akanikatalia! Anasema anataka kuwa kama wewe. Nikaona ni sawa, hii miraa ni kuumia tu. Sasa nataka uende na yeye Embu, umfunze hiyo kazi."

Moyo wangu ulifurahi, Mungu anisamehe. Kijana ameikataa safu, basi haina mwenyewe. Muthomi alihitaji tu kuitikia, amchukue Misheck, kisha aiombe miti. Nikamkanyaga mguu chini ya meza ili anyamaze kuhusu kazi iliyokauka.

Hakunyamaza. Alifungua laptop, akawasha ile AI, akamsogezea Misheck. "Andika hapa unataka website ya miraa ya baba yako. Andika tu vile unaongea."

Kijana akaandika. Chai yetu haikuwa imepoa tovuti ikawa tayari: jina la Kobia juu kwa kijani, picha za vitita vya miraa, na mahali pa mteja kuagizia. Angeline akapiga vigelegele. Kobia akapiga meza kwa furaha.

"Sasa hiyo ndiyo kazi! Umeona anko wako?"

"Si mimi nimefanya," Muthomi akasema. "Ni yeye, na hajasomea hata kidogo. Hiyo kitu amefanya sasa hivi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, Kobia. Ilikuwa."

Vigelegele vikaisha. Misheck alibaki akitazama kioo cha laptop, tabasamu likimpotea polepole.

"Wako wenye watapata kazi," Muthomi akamwambia, "lakini ni wachache, wale wamebobea kabisa. Ukitaka kusoma, soma, sikukatazi. Lakini usikatae miti juu ya masomo. Mimi nilikataa. Mwenye miti anaweza ngojea kazi. Mwenye hana anazunguka akiomba."

Kobia akatazama viatu vya Muthomi, sasa vimechakaa, akatazama mkoba, kisha akanitazama mimi. Kobia si mjinga.

"Karwirwa, kwani mlikuja juu ya nini?"

Nilikuwa nimekariri hotuba nzima njiani. Muthomi akanitangulia. "Tulikuja kuwasalimia."

Alasiri hiyo Kobia alimpeleka Misheck shambani, nasi tukafuata. Akamwonyesha: kuanzia mti ule ulioinama hadi ule wa mpakani. Misheck aliitikia kwa kichwa, safari hii bila kubisha. Muthomi alisimama kando na mkoba wake begani. Mimi nililia, na sikujificha. Nilimkasirikia kwa kuikataa miti alipokuwa mdogo, nikamkasirikia zaidi kwa kuikataa tena leo, na sijui kama nimewahi kumpenda namna ile.

Tulipotaka kuondoka, Misheck akapanda mti wa kwanza, akachuma, akafunga kitita kwa majani ya mgomba, akampa Muthomi kwa mikono miwili. Alikuwa anamheshimu anko wake, na alifanya vile alivyofunzwa. Mwenye miti hujichumia mwenyewe. Anayefungiwa kitita ni mgeni.

Muthomi alikipokea, akashukuru, akakitia ndani ya mkoba wa laptop.